Serikali ya Nyumbani kwa Wanza

Nyumbani kwa Wanza, masomo yalianza baada ya punda kurudi. Kengele hawakuwa nayo. Kule kwenye vilima vya Kathiani maji hayaji kwako, wewe ndiwe unayeyafuata hadi kwenye bomba la sokoni, unapanga mitungi kwenye foleni, unangoja, kisha unaupanda mlima pamoja na punda asiyependa kuharakishwa. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya kwenda. Pipa la nyuma ya jikoni likijaa, chai inapikwa, meza inafutwa, na Wanza anajifunga leso kiunoni na kuwaambia watoto kwamba kuanzia hapo yeye si Mama tena, ni Mwalimu.

Wanafunzi wenyewe walikuwa watatu tu. Ndila, kifungua mimba wake, alikuwa na miaka kumi na mitatu na tabia ya kujibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Kioko, mdogo wake wa miaka kumi, alikuwa na pumu. Wa tatu alikuwa Tracy, binti ya dada mkubwa wa Wanza. Mama yake Tracy aliuza nguo Masii na katika masoko mengine, hakai mahali pamoja, ndiyo maana akamwacha msichana kwa mama yake mdogo apate kusoma bila kuhangaishwa.

Wanza hakuanza kufundisha nyumbani kwa kupenda. Alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya kibinafsi, shule ikafungwa. Mwaka huohuo Kioko aliletwa nyumbani mgongoni mwa mwalimu wake, kifua kinalia filimbi na midomo imegeuka rangi. Shule aliyokuwa akisoma ilikuwa mbali, na barabara ya kwenda huko ilikuwa vumbi tupu. Wanza alisema mtoto wake hatakanyaga tena barabara ile. Kilonzo, mume wake, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani upande wa Kinanie na kuja nyumbani mara mojamoja mwisho wa wiki, alikubali, ila alimwambia mkewe asijiue kwa kazi. Siku ikimshinda, aseme. Wanza alijibu kwamba haitamshinda. Watu husema hivyo.

Basi alikuwa akifundisha hesabu huku maharagwe yanachemka, akisahihisha insha huku anapepeta mahindi, na mchana watoto wakipumzika, yeye yuko shambani. Kuchoka kulikuwa kumemzoea. Mtu akimuuliza habari, anasema ni nzuri tu, na kazi inaendelea.

Somo la uraia ndilo lililoleta mambo. Wanza alikuwa amesoma kwa sauti ukurasa mzima kuhusu serikali ya kaunti: gavana, mawaziri, bunge la kaunti, wawakilishi wa wadi. Alipoinua macho, Tracy alikuwa anachora ua pembeni mwa daftari na Kioko anapiga miayo. Hata Ndila, mpenda kujibu, alikuwa anaangalia kuku. Wanza alifunga kitabu. Hakuwa na nguvu ya kuusoma ukurasa ule mara ya pili, nami simlaumu.

Aliwaambia kwamba kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa mwezi nyumba hiyo itakuwa kaunti. Watachagua gavana wao wenyewe. Gavana atagawa kazi zote za nyumbani, maji yakiwamo, atateua waziri akitaka, na atakalosema ndilo litakalofuatwa. Watoto wakaamka mara moja. Kioko akauliza yeye Mwalimu atakuwa nani.

"Mimi nitakuwa raia," Wanza alisema. "Sitaingilia."

Ndila alijua kwamba gavana ni yeye. Nani mwingine? Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye mwenye alama nzuri. Kwa hiyo Tracy aliposema kwamba yeye pia anagombea, Ndila alishangaa kweli, na mshangao ukageuka kuwa hofu alipofanya hesabu. Yeye angejipigia kura. Tracy angejipigia kura. Mpiga kura aliyebaki alikuwa Kioko peke yake.

Sasa hebu mwone Kioko. Hajawahi kupendwa namna ile tangu azaliwe. Tracy alimfuata hadi kwenye zizi la mbuzi akamweleza kwamba akichaguliwa, zamu zitabaki kama zilivyo, na wataziba mfereji wa paa unaovuja ili mvua ikinyesha wapate maji ya bure. Ilikuwa sera nzuri, lakini ilikuwa na kazi ndani yake. Ndila alimngoja jioni wakikusanya kuni. Alimwambia kwamba akimpigia kura, atamfanya Waziri wa Afya, kwa sababu ya kifua chake, na waziri hachoti maji. Kioko aliuliza kama waziri huosha vyombo. Ndila alisema la, waziri haoshi vyombo pia. Wakakubaliana hapohapo, na Ndila akamwambia asimwambie mtu.

Kwa ukweli, kifua cha Kioko hakikuwa kikimzuia kwenda bombani. Alfajiri vumbi huwa bado limelala, na yeye alikuwa akishika kamba ya punda tu, mitungi ikibebwa na wengine. Ndila alilijua hilo vizuri sana.

Ndila akachaguliwa. Aliapishwa mbele ya meza ya jikoni, mkono juu, akaahidi kuwatumikia watu wote wa nyumba hiyo bila upendeleo. Kisha akamtangaza Kioko kuwa Waziri wa Afya na kumpa kiti kwenye kivuli. Zamu za maji zikapangwa upya. Waziri aliondolewa. Gavana naye aliondolewa, kwa kuwa gavana ana kazi ya kusimamia. Raia Wanza akaambiwa kwamba serikali imemhurumia, asichote maji tena. Aliyebaki kwenye zamu alikuwa Tracy.

Tracy alienda. Alienda tena, na tena, anarudi viatu vimejaa vumbi na uso umekunjamana, anamkuta Kioko amekaa na gavana anaandika hotuba. Siku moja akasema basi. Alimwambia Ndila usoni kwamba amegoma, na kwamba kuanzia kesho wenye vyeo waende bombani wenyewe. Ndila alimjibu kwamba serikali haitishwi.

Asubuhi iliyofuata Tracy aliamka, akatoka nje kimyakimya kuona itakuwaje. Pipa lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Akacheka moyoni, akafikiri kwamba Ndila ameona haya akaenda mwenyewe gizagiza. Ndila naye alipotoka akaliona pipa, akafikiri kwamba Tracy ametishwa na jibu lake na mgomo umekwisha. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Waliokuwa wamenuniana wataulizana vipi? Pipa likajaa kesho yake, likajaa keshokutwa, na Ndila akaanza kuamini kwamba yeye ana kipaji cha kuongoza. Hata vyombo vya usiku, ambavyo hakumpangia mtu, vilikutwa safi kila asubuhi. Wewe unayesoma umeshajua ni nani aliyekuwa akifanya hayo. Wao watatu, wenye macho mazima, hawakujua.

Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha Wanza alipokuwa akiwafundisha kuhusu mahakama. Alikaa kwenye kigoda kidogo tu, apumzishe miguu, na chaki mkononi. Akalala. Kioko akaanza kucheka, Tracy akamfuata, na Ndila akawanyamazisha kwa kiburi cha cheo chake. Lakini Wanza hakuamka. Alilala mdomo wazi, kichwa kimeegemea ukutani, na chaki ikaanguka ikavunjika. Kicheko kikaisha. 

Alipoamka hakukasirika wala hakuomba msamaha. Aliwaambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba Kilonzo atakuja Jumamosi na yeye atamweleza kwamba imemshinda. Ndila na Kioko watarudi shule ile ya mbali. Tracy atarudi Masii kwa mama yake. Alisema amejaribu, na mwili umekataa.

 Ndila alimtazama Kioko, aliyekuwa bado amekaa kwenye kiti chake cha uwaziri, akakumbuka ile siku ya mgongoni mwa mwalimu, na lile tundu la shingo lililokuwa likiingia ndani kila Kioko alipovuta pumzi. Akamwambia mama yake kwamba haelewi, kwa sababu maji yapo, vyombo ni safi, na serikali inafanya kazi vizuri. Wanza akawaambia tu waende wakale.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Zamu hiyo ilikuwa kwa Kavutha, ng'ambo ya kijito, kuchimba mitaro ya fanya juu kabla mvua haijaanza, ile mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu ili maji yasiubebe. Sheria ya mwethya inajulikana: nyumba isiyoweza kuja hutuma mkono mwingine. Wanza alijifunga leso, akashika jembe, akafika mlangoni, akakaa chini. Hakuweza kuinuka tena. Ndila akalichukua jembe kutoka mkononi mwake akaenda.

Kavutha ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya. Ndila alimfahamu kama Mama Laban, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, na alitazamia kumwona amesimama kando akionyesha kidole. Hakumwona hivyo. Kavutha alikuwa ameshika ile sehemu ya mwisho yenye mawe, ambayo kila mtu alikuwa akiipitia mbali. Alikuwa amelowa jasho kabla wengine hawajavua sweta. Ndila alichimba hadi viganja vikaanza kuchubuka, na moyoni alijiona amefanya makubwa.

Wakati wa chakula walikaa wakala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na wanawake wakaanza kuzungumza. Jirani mmoja, aliyeitwa Kasiva, alisema afadhali Wanza amepumzika leo, maana anakonda kila siku. Alisema yeye hufika bombani kabla halijafunguliwa, kukiwa bado na nyota, na kila akifika humkuta Wanza ameshapanga mitungi yake mbele, amemwegemea punda, amesinzia amesimama.

Ndila alimsahihisha kwa adabu. Alimwambia kwamba ni Tracy anayechota.

Kasiva alimwangalia, akawaangalia wenzake. Aliuliza kama kuna aliyemwona Tracy bombani siku za karibuni. Wote walisema hawajamwona. Mmoja aliyekuwa amesikia habari za uchaguzi wao akatania kwamba huyu ni gavana wa kweli, hajui hata maji anayoogea yametoka wapi. Wanawake wakacheka, si kwa ubaya, lakini Ndila alitamani ardhi impasukie.  Alifikiria mama yake amesimama gizani akisinzia, na yeye wakati huo yuko kitandani, amejifunika, ana ndoto za hotuba.

Kavutha hakucheka. Aliuliza tu, "Mlimchagua nani?"

"Mimi, Mama Laban."

"Na mama yako alimpigia nani kura?"

 "Mama hakupiga kura. Hatukumhesabu."

Kavutha alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasikia hayo mara nyingi na kwingi. Kisha akamwambia amalize chakula, bado kuna mawe.

Jua lilipoanza kushuka Ndila alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa amelala ndani. Aliwaita Kioko na Tracy kwenye kibaraza cha jikoni na kuwaambia kila kitu akiwa amesimama, kabla ujasiri haujamtoka. Aliwaambia ni nani aliyekuwa akijaza pipa. Tracy aliweka mikono kichwani. Alisema yeye alidhani ni Ndila, wallahi alidhani ni Ndila, akaanza kulia. Ndila alimwambia asilie peke yake, kwa sababu lililo baya zaidi bado hajalisikia.

"Nilimnunua Kioko," alisema. "Si kwa pesa. Nilimwambia akinipigia kura hatafanya kazi."

Tracy akamgeukia Kioko. Kioko alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Na mimi nilijiuza," akasema kwa sauti ndogo. "Ningeweza kwenda. Kifua hakikuwa kinauma."

Walikaa hapo. Aibu iliwatosha wote watatu. Mwishowe Tracy alifuta uso kwa kanga yake akasema kwamba kukaa hapo hakutamsaidia mtu, waingie ndani.

Wanza alikuwa macho, amelala chali akiangalia mabati. Ndila alipiga magoti kando ya kitanda na kumwomba msamaha. Alimweleza jinsi alivyoipata kura ya Kioko, akamwambia kwamba ameacha ugavana, na kwamba wanataka uchaguzi mwingine ambao yeye Wanza atapiga kura kama mtu mwingine yeyote. Kioko alisema anarudi kwenye kamba ya punda kesho. Tracy alisema mgomo umekwisha.

Wanza aliinuka akakaa. Ilionekana anatafuta maneno na kuyapata kwa shida.

"Kiapo mlikivunja, na hilo mmelijua wenyewe," alisema. "Cheo mlikifanya mahali pa kupumzikia. Lakini na mimi nimewafundisha vibaya. Niliwaambia raia ni mtu asiyeingilia. Raia si huyo. Niliona mmekosea siku ya kwanza tu, nikanyamaza, nikachukua punda. Niliona kuchota ni rahisi kuliko kubishana na nyinyi. Nilichoka hata kusema."

"Basi sema sasa, Mama," Ndila alimwambia.

Na Wanza akasema. Loo, alisema. Alisema kuhusu maji na foleni, kuhusu masufuria yanayoachwa na ugali umeganda, kuhusu daftari zinazomngoja usiku wakati macho yanafumba yenyewe, kuhusu shamba, kuhusu mtu kuulizwa chakula ni nini kabla hajaulizwa ameamkaje. Hakupaza sauti. Watoto walikaa chini wakasikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyejitetea, hata Ndila, ambaye majibu yalimjia mdomoni mara kadhaa akayameza. Walikuwa wakiishi na mtu huyu miaka yote na hawakuwa wamewahi kumsikia akilalamika. Wanza alipomaliza alivuta pumzi ndefu. Alionekana mwepesi kidogo, na mchovu vilevile.

Walipiga kura wanne, hapohapo kitandani. Ndila alimpigia Tracy, na si yeye peke yake. Tracy hakuandika hotuba. Alisema tu kwamba kesho gavana ndiye atakayekwenda bombani kwanza, Kioko atashika kamba, na vyombo vya jioni ni vya Ndila. Kuhusu ule mfereji wa paa, alisema wataanza nao wakitoka bombani, kila mtu atashika upande wake.

Kilonzo alifika Jumamosi akiwa na uchovu wake mwenyewe wa wiki nzima ya kiwanda. Akaoga, akala, akamuuliza mkewe mambo yanaendaje. Ndila aliyekuwa anaosha vyombo nje aliacha kusugua ili asikie.  Kisha mama yake akasema kwamba ilikuwa imemshinda, na hilo ni kweli, hataki kuficha. Akasema anataka kujaribu muhula mmoja zaidi, lakini si kama zamani. Jumatatu hadi Ijumaa hatamgusa punda. Kilonzo aliuliza kama watoto wanaweza kazi hiyo. Wanza akawaita wote watatu ndani, akajibu mbele yao.

"Wanaweza," alisema. "Na wakishindwa nitasema siku hiyohiyo, si baada ya mwezi. Sikilizeni, nyinyi, somo la uraia nalimaliza leo. Kiongozi asiuze kazi ili apate kura, na mwenye kura asiuze kura ili akwepe kazi. Mkikuta kitu kimefanyika na hamjui nani amekifanya, ulizeni, kwa sababu kuna mtu anaumia. Na anayeumia aseme. Mimi ndiye niliyechelewa kujifunza hilo la mwisho."

Kilonzo alimwangalia mkewe, akawaangalia watoto, akasema kwamba Kioko basi anabaki nyumbani. Kioko alitabasamu hadi masikioni. Ndila alirudi kwenye masufuria yake haraka, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka yaonekane.

Jumatatu alfajiri Wanza alisikia kwato za punda zikitoka uani na sauti ya Tracy ikimwambia Kioko ajifunge skafu puani. Miguu yake ilishuka kitandani yenyewe, kwa mazoea. Alikaa hivyo ukingoni, akisikiliza hadi kwato zikapotea kwenye mteremko wa sokoni. Kisha akairudisha miguu, akajifunika shuka, akalala hadi jua lilipopanda juu ya vilima na mtu akamletea chai.